TUMBO LINA TIBA, LAKINI KUACHA DAWA SI TIBA

Somo letu la leo linahusu tumbo. Si tumbo la kuhara, wala si tumbo la njaa. Ni tumbo linalojaa mafuta kwa baadhi ya wenzetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, yaani VVU, na ambao wanatumia dawa za kufubaza virusi. Dawa hizo wengi wetu tunaziita ARV. Soma polepole. Kama mko katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho wa somo kuna maswali ya kujadili.

SWALI LILILOLETA SOMO HILI

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Kazi yangu imenizungusha katika vikundi vya kisomo vya pembezoni mwa Dar es Salaam. Nimefundisha upande wa Temeke, kule Mbagala na Chamazi, na upande wa Kinondoni, kule Bunju. Jioni moja, baada ya wenzake kuondoka, mama mmoja alibaki nyuma. Mama huyu anauza vitumbua asubuhi na kusoma jioni. Jina lake na mtaa wake sitavitaja, maana siri ni yake.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hivi mtu akiacha dawa, tumbo linarudi?"

Nikamwuliza, "Dawa gani, mama?"

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Zile za kliniki."

Nikaelewa. Mama huyu ametumia ARV kwa miaka mingi, tangu enzi za vidonge vya mwanzo. Zilimwokoa. Lakini tumbo lake lilikuwa limekua, na mikono na miguu yake ilikuwa imebaki myembamba. Siku moja ndani ya daladala kijana alimpisha kiti akamwambia, "Kaa mama, una mzigo." Alidhani ni mjamzito. Kwenye kikoba mwenzake akamtania, "Hicho sasa ni cha ngapi?" Watu wakacheka. Toka siku ile kikoba haendi tena, fedha za hisa anamtuma mtoto. Kila siku amevaa dera pana, hata jua likiwaka. Na vidonge alikuwa ameanza kuviruka. Leo anameza, kesho anaacha.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye hatari. Mama huyu hakuacha dawa kwa ujinga. Alikuwa anaacha kwa aibu. Nami nilimwambia ukweli kwamba mimi ni mwalimu, si daktari. Kesho yake tulifuatana hadi kliniki. Haya ninayoandika ni yale tuliyofundishwa pale, pamoja na mengine niliyoyasoma na kuyauliza baadaye.

MAFUTA YA TUMBO NI YA AINA MBILI

Aina ya kwanza ni mafuta ya chini ya ngozi. Haya unaweza kuyashika kwa vidole na kuyavuta. Aina ya pili hukaa ndani kabisa, yakizunguka utumbo na ini. Haya huwezi kuyashika. Tumbo lake huwa gumu na hutokeza mbele.

Mafuta ya ndani ndiyo mabaya zaidi. Yanaongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa moyo. Na mtu anayeishi na VVU tayari ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo kuliko mwenzake asiye na virusi. Kwa hiyo tumbo hili si jambo la urembo tu. Anayekwenda kulilalamikia kliniki hana maringo. Ana haki ya kusikilizwa.

TULIKOTOKA

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka ile mtu akikonda ananyooshewa kidole. Kukonda kulikuwa kama tangazo.

Mwaka 2004 Serikali ilianza kutoa ARV bila malipo. Watu waliokuwa wanabebwa kwa machela wakasimama na kurudi shambani. Lakini moja ya dawa za wakati ule, iitwayo stavudini, ilikuwa na kasoro. Ilikuwa ya bei nafuu na ilifubaza virusi, lakini iliharibu mpangilio wa mafuta mwilini. Mashavu yalibonyea. Matako yaliisha. Mikono na miguu ilibaki na mishipa imetokeza. Wengine waliota tumbo, na wengine nundu nyuma ya shingo. Majirani wakajifunza kusoma alama mpya, wakawa wanamtambua mtu kwa sura tu.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziache stavudini hatua kwa hatua. Tanzania nayo iliiacha. Waliobadilishiwa dawa, mashavu na miguu ya baadhi yao ilijaa tena, ingawa polepole na si kwa wote. Lakini tumbo lililokwisha kukua mara nyingi halipungui kwa kubadili dawa peke yake. Mama yetu wa vitumbua ni mmoja wa hao.

Kuanzia mwaka 2019 Tanzania ilianza kutumia kidonge kimoja chenye dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Kliniki wanakiita TLD. Ni dawa yenye nguvu na haina kasoro ya kubonyeza mashavu kama stavudini. Hata hivyo baadhi ya watu huongezeka uzito, na wanawake zaidi kuliko wanaume. Utafiti uliofanyika Johannesburg, Afrika Kusini, ulitoa majibu yake mwaka 2019. Waliotumia dawa kama hizi za TLD waliongezeka kwa wastani wa kilo 3 hivi katika wiki 48. Waliotumia dawa ya zamani iitwayo efavirenzi waliongezeka kilo 1 hivi.

Sehemu ya uzito huo ni afya inayorudi. Aliyekuwa amekonda kwa ugonjwa lazima ajaze mwili. Lakini kuna sehemu inayopita kiasi, na hapo chakula chetu cha mjini nacho kina mkono wake.

KWANZA UJUE NI TUMBO GANI

Si kila tumbo kubwa ni mafuta. Linaweza kuwa mimba. Linaweza kuwa maji yanayotokana na ugonjwa wa ini au kifua kikuu cha tumbo. Linaweza kuwa uvimbe wa kizazi. Ndiyo maana hatujitibu kwa kubahatisha.

Nenda hospitali mara moja, usingoje tarehe ya kliniki, kama:

- tumbo limekua kwa haraka, kwa siku au wiki chache;
- una homa, maumivu makali au unatapika;
- macho yamekuwa ya njano;
- miguu imevimba;
- tumbo linakua huku sehemu nyingine za mwili zinakonda kwa kasi.

TIBA INA HATUA

Hatua ya kwanza: usiache dawa. Ukiacha, virusi huanza kuzaliana tena katika muda wa wiki chache. Vinaweza kuwa sugu, na dawa iliyokusaidia isikusaidie tena. Na tumbo lenyewe litabaki pale pale. Mama yetu alipopimwa wingi wa virusi, vilikuwa vimepanda na kupita 1,000, wakati zamani havikuwa vinaonekana. Nesi, ambaye ni binti mdogo, hakumgombeza. Mazungumzo yao yalikuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, dawa tunameza kila siku?"

"Nameza... nyingine nasahau."

"Unasahau, au kuna kitu kinakuudhi?"

Mama akashika tumbo lake, akalia. Nesi akafunga mlango, akamwachia alie. Halafu akasema, "Mama, hili tumbo mbona hujawahi kutuambia? Lina tiba yake."

Hatua ya pili: sema. Mweleze daktari au nesi tumbo lilianza lini, na kama kuna nundu au maziwa yamekua. Wanaume nao waseme. Wapo walioota maziwa wakaficha kwa kuvaa koti. Omba kupimwa shinikizo la damu na sukari, na mafuta ya damu pale kipimo kinapopatikana. Daktari ndiye atakayeamua kama kuna haja ya kubadili dawa. Wewe usibadili mwenyewe, wala usiazime vidonge vya jirani.

Hatua ya tatu: pima tumbo lako na uandike. Hapa ndipo kisomo chetu kinapofanya kazi. Chukua futi ya fundi cherehani. Simama wima, toa pumzi taratibu. Zungusha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Usiikaze. Soma sentimeta, uandike katika daftari pamoja na tarehe. Pima mara moja kwa mwezi, kila siku ni kujitesa bure.

Kwa mwanamke, hatari huanza sentimeta 80, na huwa kubwa zaidi kuanzia 88. Kwa mwanaume, hatari huanza 94, na huwa kubwa zaidi kuanzia 102.

Hatua ya nne: angalia chungu chako. Zamani mgonjwa alikuwa amekonda, akaambiwa, "Dawa ni kali, kula sana, kula mafuta." Ushauri ule ulimfaa aliyekonda. Ukimpa mwenye tumbo la sentimeta 104, unamwumiza. Siku hizi asubuhi tunakula vitumbua na chai ya sukari nyingi, mchana wali wa mafuta, jioni chipsi mayai na soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Hesabu mwenyewe chupa mbili ni vijiko vingapi.

Huna haja ya chakula cha kununua kwa bei kubwa. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia. Robo iwe dagaa, maharage, kunde au samaki. Robo iliyobaki iwe ugali, na dona ni bora kuliko sembe. Mafuta pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye dumu. Kunywa maji badala ya soda. Punguza pombe. Lakini usijinyime chakula ukashinda njaa. Na kama ni mjamzito au unanyonyesha, zungumza na kliniki kabla ya kujaribu kupungua.

Hatua ya tano: tembea, kimbia, nyanyua. Hii ndiyo tiba yenye ushahidi mzuri, na ushahidi wenyewe ni wa jirani zetu. Tuuangalie.

WALICHOFANYA RWANDA

Huko Kigali, mtafiti Eugene Mutimura na wenzake waliwachukua watu 100 wanaotumia ARV ambao mafuta yao yalikuwa yamehama mwilini, kama ya mama yetu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Nusu yao waliwekwa katika mazoezi kwa miezi 6. Nusu nyingine waliendelea na maisha ya kawaida. Wa mazoezi walikutana mara 3 kwa wiki, kila mara saa moja na nusu. Walitembea kwa haraka, walikimbia polepole, walipanda ngazi na kukaza misuli ya mgongo na tumbo.

Baada ya miezi 6, mzunguko wa tumbo wa wale wa mazoezi ulipungua kwa wastani wa sentimeta 7 hivi. Na kuna jambo jingine ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Walijithamini zaidi, waliiridhia zaidi miili yao, na msongo wa mawazo ulipungua. Yaani mazoezi yale yalitibu tumbo na moyo pamoja.

Sisi je? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Zigawe kwa siku 5, unapata dakika 30 kwa siku. Shuka daladala vituo viwili kabla, umalizie kwa miguu. Dar es Salaam ina vikundi vingi vya jogging, Temeke vimejaa. Hawakuulizi majibu ya vipimo, wanakuuliza umekuja na raba au huna. Kama una tatizo la moyo, kifua au viungo, mwulize daktari kwanza. Na tahadhari moja: kukaza misuli ya tumbo peke yake hakuyeyushi mafuta ya tumbo. Mwili mzima lazima utoke jasho.

DAWA ZA NJIANI

Kwenye vituo vya mabasi na masokoni utasikia, "Dawa ya kuondoa kitambi, siku saba tu!" Nyingi ya hizo ni za kuharisha. Unapoteza maji, mafuta yanabaki. Na ukiharisha sana, hata vidonge vyako havikai tumboni vikafanya kazi.

Kuna dawa nyingine zinazogombana na dolutegraviri. Dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini huidhoofisha. Basi meza ARV saa 2 kabla ya dawa hizo au saa 6 baada yake. Vidonge vya chuma na vya kalsi vina tatizo hilo hilo, kwa hiyo mama mjamzito anayepewa vidonge vya damu amwulize nesi namna ya kupanga saa. Mwenye kisukari anayetumia metformini naye amwambie daktari, maana kipimo chake huenda kikapunguzwa.

Je, ipo sindano ya tumbo hili? Ipo. Marekani iliidhinisha mwaka 2010 dawa iitwayo tesamorelini. Hupunguza mafuta ya ndani kwa kiasi cha asilimia 15 katika miezi 6. Lakini huchomwa kila siku, ni ghali sana, na ukiiacha mafuta hurudi. Haimo katika dawa tunazopewa bure kliniki. Na upasuaji wa kunyonya mafuta hauwezi kufikia mafuta ya ndani. Ndugu msomaji, usiuze kiwanja ukitafuta hayo. Raba na daftari ni nafuu.

MOYO NAO HUTIBIWA

Mtu anaweza kuwa na virusi visivyoonekana kwenye kipimo, lakini hataki kujiangalia kwenye kioo. Hataki mumewe au mkewe amwone akioga. Hataki harusi wala msiba. Hayo si mambo madogo. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi mtu hana raha, halali, haoni faida ya kazi yake, huenda ana sonona. Sonona ni ugonjwa, na una tiba. Aeleze kliniki apate ushauri nasaha. Akianza kusema ni heri afe, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Jambo jingine linalosaidia ni mwenzako. Kliniki nyingi zina watu wanaoishi na VVU wanaosaidia wagonjwa wengine. Mama yetu alikutanishwa na mama mwenzake mwenye tumbo kama lake. Aliniambia, "Mwalimu, miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu."

Na tusisahau habari njema: mtu anayemeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Mwili wenye tumbo lakini wenye virusi vilivyofubazwa ni mwili ulioshinda vita.

SISI MAJIRANI

Tumbo la mtu si gazeti la kusomwa na kila mpita njia. Tuache maswali ya "una mimba?" na "mbona umekuwa hivyo?" Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na inalinda siri ya mgonjwa. Lakini hata bila sheria, ulimi wetu unaweza kumfanya mtu aache dawa. Yule aliyetania pale kikobani hakujua kwamba utani wake ungefika kwenye chupa ya vidonge.

DAFTARI LA MAMA

Siku ile ya kwanza mama aliandika 104. Baada ya miezi 6 aliandika 98. Kazi ya mkono wake mwenyewe. Tumbo bado lipo, wala hajawa kama alivyokuwa msichana. Lakini vidonge anameza kila siku, na kipimo cha mwisho virusi havikuonekana. Kikoba amerudi. Siku ya kwanza alivaa kitenge cha kushona. Mmoja akaanza tena, "Na hicho..." Mama akamkata: "Hiki ni changu, na afya ni yangu. Tuhesabu hisa."

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kuacha ARV hakuondoi tumbo, kunarudisha virusi.
2. Tumbo likikua, mwambie daktari au nesi.
3. Pima mara moja kwa mwezi, andika.
4. Punguza mafuta na sukari, toka jasho dakika 150 kwa wiki.
5. Aibu na huzuni navyo vina tiba.

MANENO YA LEO

Kufubaza: kupunguza nguvu.
Nundu: uvimbe kama ule wa mgongoni mwa ng'ombe.
Sugu: asiyesikia dawa.
Sonona: ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu.
Wastani: kiasi cha katikati baada ya kujumlisha na kugawa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mama alianza kuruka vidonge? Je, kosa lilikuwa lake peke yake?
2. Toa 98 kutoka 104. Tumbo lake lilipungua sentimeta ngapi? Kwa wastani ni sentimeta ngapi kwa mwezi?
3. Mtu anakwambia, "Nimepata dawa ya kitambi ya siku saba." Utamjibu nini?
4. Taja vyakula vitatu vya hapa kwenu vinavyofaa kuongezwa kwenye sahani, na viwili vya kupunguzwa.
5. Kikundi chenu kinaweza kuanzisha matembezi ya pamoja siku gani na saa ngapi? Andikeni, mkubaliane, muanze wiki hii.